Ukomo wa Muda katika Masomo ya Udaktari: Asili Yake na Haki ya Kuongezewa

Utangulizi

Miongoni mwa barua zinazofika katika ofisi za shahada za juu za vyuo vikuu vyetu, barua ya kuomba kuongezewa muda ni ya kawaida kiasi kwamba haishangazi mtu tena. Mwanafunzi wa udaktari anaeleza kwamba miaka aliyopewa imekwisha, tasnifu haijakamilika, naye anaomba miezi sita au mwaka mmoja. Msimamizi anatia sahihi, kamati inakaa, jibu linatoka. Likiwa la kukubali, ada hulipwa na kazi huendelea. Likiwa la kukataa, usajili hufutwa, na kazi ya miaka mingi hubaki katika sanduku la karatasi.

Kwa mchungaji aliyetumwa na dayosisi yake, jambo hili si lake peke yake. Usharika ulimwachilia, dayosisi ilichangia nauli na ada, mkewe alibeba mzigo wa nyumba, na chuo cha theolojia kilimngojea aje kufundisha. Usajili wake ukifutwa, wote hao hupoteza pamoja naye. Na akiongezewa muda mara nne na mara tano bila kufika mwisho, vilevile wote hupoteza pamoja naye. Kwa hiyo sheria inayohesabu miaka ya mwanafunzi wa udaktari ni jambo ambalo Kanisa linapaswa kulifahamu, na si kuliacha mikononi mwa makarani.

Makala haya yanakusudia kuchunguza asili ya sheria hiyo. Hoja yetu ni kwamba ukomo wa muda kama tunavyoujua leo si jambo la kale. Hapo mwanzo sheria za vyuo vikuu zilimkataza mtu kumaliza mapema, wala hazikushughulika sana na yule aliyechelewa. Sheria ya kukataza kuchelewa ilikuja baadaye sana, nayo ilikuja pamoja na fedha za kumtunza mwanafunzi. Kwetu katika Afrika Mashariki, sheria ilifika na fedha zile mara nyingi hazikufika. Tukilielewa hilo, tutajua pia namna ya kulipima ombi la kuongezewa muda: si kama fadhila ya mkubwa kwa mdogo, bali kama swali la haki.

Sheria ya kutokuharakisha

Chuo Kikuu cha Paris kilikuwa kwa karne nyingi mama wa elimu ya theolojia katika nchi za Magharibi. Mwaka 1215 mjumbe wa Papa, Robert de Courçon, alikitolea chuo hicho kanuni. Katika kanuni hizo, mtu hakuruhusiwa kufundisha theolojia kabla ya kufikia umri wa miaka 35, wala kabla ya kusoma theolojia kwa muda usiopungua miaka 8. Kwa yule wa fani za awali masharti yalikuwa mepesi zaidi: umri wa miaka 21 na masomo ya miaka 6. Nia ya kanuni ilikuwa wazi. Anayefundisha mambo ya Mungu anaweza kuwapoteza wengi. Basi na akomae kwanza.

Tutazame jambo moja katika kanuni hizo. Muda ulihesabiwa kutoka chini. Kulikuwa na sakafu, lakini dari haikutajwa. Mwanafunzi aliyekaa miaka 12 au 15 hakuonekana kuwa mvivu. Huenda alionekana kuwa makini. Aliyekuwa mtawa alitunzwa na shirika lake, na padre aliweza kuishi kwa mapato ya parokia yake huku akisoma. Kwa kuwa chakula chake hakikutoka katika mfuko wa chuo, chuo hakikuwa na sababu kubwa ya kumharakisha.

Ni kweli kwamba utaratibu huo ulikuwa na maovu yake. Mapadre wengi walikula mapato ya parokia wasizozikanyaga, na waumini wao walibaki bila mchungaji. Hapo tunaona kwamba hata pale ambapo sheria haikuweka dari, kulikuwa na mtu aliyelipa gharama ya kukawia kwa msomi. Mtu huyo mara nyingi alikuwa muumini wa kawaida kijijini.

Udaktari wa Martin Luther

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuutazama udaktari wa Martin Luther mwenyewe. Aliupokea huko Wittenberg mwezi Oktoba 1512, katika chuo kikuu kilichokuwa na umri wa miaka 10 tu tangu kuanzishwa mwaka 1502. Aliyesimamia utoaji wa shahada hiyo alikuwa Andreas Bodenstein von Karlstadt. Luther alikuwa na umri wa miaka 28. Kwa kipimo cha zamani cha Paris, alikuwa bado kijana wa kungoja miaka 7 zaidi.

Aliyemsukuma alikuwa mkuu wake wa shirika, Johann von Staupitz, naye Luther alisita. Gharama za sherehe, gulden 50, zililipwa na Mteule Frederick wa Saxony, kwa makubaliano kwamba Luther angeshika kiti cha kufundisha Biblia huko Wittenberg maisha yake yote. Wasomaji wetu waliowahi kutia sahihi mkataba wa ufadhili wenye sharti la kurudi kutumika wataona kwamba mkataba wao una babu wa zamani. Aidha, walimu wa Erfurt, ambako Luther alikuwa amesoma na kufundisha, walikasirika na kulalamika kwamba alipaswa kuupokea udaktari kwao. Kwa hiyo hata udaktari ule ulizungukwa na maswali ya kanuni, ya ada na ya mamlaka.

Lakini matunda yake tunayajua. Katika miaka ya mapambano, Luther alirudi mara kwa mara kwenye kiapo chake cha udaktari. Alisema, kwa maana yake, kwamba hakujipachika kazi ya kufundisha Maandiko. Aliitwa na kuapishwa kwa ajili yake. Shahada kwake ilikuwa wito na wajibu mbele ya Kanisa, si pambo la jina. Hiki ndicho kipimo ambacho tungependa kukishika katika makala haya yote. Anayeuliza kama mwanafunzi aongezewe muda au asiongezewe, na aulize kwanza: udaktari huu ni kwa ajili ya nani?

Jinsi dari ilivyowekwa

Udaktari wa utafiti, yaani ule unaotolewa kwa tasnifu yenye jambo jipya, ulikua katika vyuo vikuu vya Ujerumani, hasa baada ya kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1810. Kutoka huko ulivuka bahari: Yale nchini Marekani ilitoa udaktari wa namna hiyo mwaka 1861. Uingereza ilichelewa. Oxford iliuanzisha mwaka 1917, na Chuo Kikuu cha London kikafuata mara baada ya vita, sababu mojawapo ikiwa kuwavuta wanafunzi ambao hapo kabla walikwenda Ujerumani.

Katika utaratibu wa kale wa Kijerumani, mwanafunzi alileta tasnifu alipoona imeiva. Kama alichukua miaka 3 au 10, hilo lilikuwa shauri lake na la profesa wake. Mabadiliko yalikuja katika nusu ya pili ya karne ya 20, serikali zilipoanza kulipa posho kwa wanafunzi wengi wa utafiti. Anayelipa huuliza kazi itakwisha lini.

Sweden ni mfano ulio karibu na historia ya Kanisa letu. Mwaka 1969 nchi hiyo iliweka muundo mpya wa udaktari uliokusudiwa kukamilika kwa masomo ya miaka 4, badala ya udaktari wa zamani uliochukua sehemu kubwa ya ujana wa mtu. Miaka mingi ilipita na wanafunzi waliendelea kuchelewa. Ndipo katika mabadiliko ya mwaka 1998 ikaamriwa kwamba chuo kisimpokee mwanafunzi wa udaktari pasipo kuwa na hakika ya fedha za kumtunza kwa kipindi chote cha masomo. Wasweden walitambua kwamba haifai kumwekea mtu ukomo wa miaka 4 na papo hapo kumwacha atafute mkate wake kwa kazi nyingine.

Uingereza ilitumia fimbo zaidi. Kuanzia mwaka 1985 baraza lililogharimia utafiti wa sayansi za jamii lilivibana vyuo ambavyo wanafunzi wake wachache mno walikabidhi tasnifu ndani ya miaka 4: vyuo hivyo vilinyimwa nafasi za ufadhili. Hapo inafaa tuone nani aliyeadhibiwa. Hakuadhibiwa mwanafunzi peke yake. Kiliadhibiwa chuo kilichomsimamia vibaya. Mwaka 2005, mawaziri wa elimu wa nchi za Ulaya walipokutana Bergen nchini Norway, walitaja miaka 3 hadi 4 ya masomo ya wakati wote kuwa kipimo cha kawaida cha udaktari katika nchi nyingi.

Kwa ufupi, dari ya muda ilijengwa juu ya nguzo 3: posho ya mwanafunzi, wajibu wa chuo, na masomo ya wakati wote. Ukiziondoa nguzo hizo na kuiacha dari, itamwangukia aliye chini yake.

Sheria inafika Afrika Mashariki

Vyuo vikuu vyetu vilizaliwa chini ya uangalizi wa London. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilipata uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na wanafunzi wake walitunukiwa shahada za London. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU, nacho kilianza chini ya London. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, hata mwaka 1970 kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Seneti za vyuo hivyo zilirithi namna ya Kiingereza ya kusajili, kusimamia na kutahini. Msajili, msimamizi, mtahini wa nje na kipindi cha usajili ni majina tuliyoyapokea pamoja na majengo.

Kizazi cha kwanza cha madaktari wetu kilisomea ng'ambo kwa sehemu kubwa. John Mbiti alipata udaktari Cambridge mwaka 1963 kwa tasnifu juu ya mambo ya mwisho katika Agano Jipya na katika mazingira ya Kiafrika. Kitabu kilichotokana nayo kilitoka mwaka 1971. Isaria Kimambo alipata udaktari wake Northwestern nchini Marekani mwaka 1967, na historia yake ya siasa za Wapare ikachapishwa mwaka 1969. Watu hao walikuwa na vipaji vikubwa, nasi hatupunguzi sifa yao tukisema kwamba walikuwa pia na maktaba zilizojaa na siku za kusoma. Taifa changa liliwahitaji upesi, na mahali waliposoma palikuwa na nyenzo za kufanya upesi.

Tanzania iliwahi kuweka sheria yake yenyewe juu ya muda, nayo ilitoka katika mwambao huuhuu wa Ziwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni; atumike kwanza kazini, walau miaka 2, na apate ushuhuda wa mwenendo wake. Hiyo ilikuwa sakafu kama ile ya Paris: ukomavu kwanza, shahada baadaye. Lakini ilionekana mapema kwamba idadi ya wanawake walioingia chuoni ilipungua, kwa kuwa miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ya ndoa na uzazi; nao wakaondolewa katika sharti hilo. Funzo lake ni kubwa. Sheria ya muda inaweza kuandikwa sawasawa kwa wote, lakini isiwe sawa kwa wote, kwa sababu miaka ya watu haibebi mizigo ileile.

Baada ya hapo zilikuja nyakati ngumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vililikumba hasa eneo la magharibi ya Ziwa. Katika miaka ya 1980 vitabu vilikosekana, magazeti ya kitaaluma yalikoma kufika maktabani, na fedha za kigeni za kununulia chochote zilikuwa adimu. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa mwezi Mei, kikafunguliwa tena mwanzoni mwa mwaka 1991. Katika hali hiyo, mwanafunzi wa utafiti hakuchelewa kwa sababu ya uzembe tu. Nchi nzima ilichelewa.

Leo hali ya sheria ni tofauti. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na vyuo sasa vinatakiwa kuonyesha viwango vinavyoeleweka. Katika vyuo vingi vya ukanda wetu miaka 3 ndicho kipindi cha kawaida cha udaktari kwa mwanafunzi wa wakati wote, na baada yake kuna nyongeza chache zenye masharti. Nchini Kenya, mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyomtaka mhadhiri awe na udaktari, na walioajiriwa tayari wakapewa takribani miaka 5 kuupata. Mwaka 2019 ulipofika, wengi walikuwa bado hawajamaliza. Walikuwa wakifundisha madarasa makubwa huku wakitakiwa kuandika tasnifu usiku.

Mwanafunzi wa mwambao wa Ziwa

Tunapoandika haya Kamanga, ng'ambo ya ghuba tukiitazama Mwanza, tunaijua vema hesabu ya muda wa njiani. Mchungaji wa upande huu anayetaka maktaba kubwa hana budi kuvuka maji kwa kivuko. Mwanza ina vyuo vikuu, kama vile Mtakatifu Agustino pale Malimbe, kilichoanza kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Lakini kuvuka kwenda, kusoma saa chache na kuwahi kurudi ni siku nzima. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kungoja kwa wasafiri wengi wa barabara kuu ya kusini. Hata hivyo kwa mtu wa Kamanga kivuko bado ndiyo njia ya mkato.

Fomu ya usajili huuliza kama mwanafunzi ni wa wakati wote au wa muda wa ziada. Mchungaji mwenye usharika na mitaa kadhaa huandikwa wa wakati wote kwa sababu ndivyo barua ya ufadhili inavyosema. Kwa kweli yeye huzika, hubatiza, hupatanisha wanandoa, huhudhuria vikao vya jimbo, na akisikia kengele ya msiba hawezi kusema kwamba yuko katika sura ya tatu. Kwa hiyo miaka yake 3 katika daftari la msajili huenda ikawa mwaka 1 na nusu mezani. Hapo si mwanafunzi aliyeivunja sheria. Maelezo yake katika fomu hayakuwa ya kweli tangu siku ya kwanza, na dayosisi na chuo vyote viwili vilijua.

Pwani hizi zina pia mashahidi wa kazi zisizoendana na saa ya mtu mwingine. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikuchapishwa hata alipoitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka 1981. Na huko Bukoba, Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu tangu 1961 hadi 1964, alikuwa amepata udaktari wake Uppsala mwaka 1937 kwa kazi juu ya historia ya chama kimoja cha misheni. Lakini kazi yake kubwa, historia ya Kanisa katika Afrika, aliifanyia kazi kwa miaka mingi, na alipofariki mwaka 1995 ilikuwa bado haijatoka. Ilichapishwa mwaka 2000, ikiwa imekamilishwa na msaidizi wake Christopher Steed.

Mifano hii miwili inafundisha mambo mawili yanayokamilishana. Kwanza, thamani ya kazi haipimwi kwa kuwahi kwake. Pili, tasnifu ya udaktari si kazi ya maisha. Sundkler alimaliza tasnifu yake akiwa kijana, ndipo akapata uhuru wa kuandika kwa miaka zaidi ya 50. Mwanafunzi anayetaka kuweka yote aliyonayo katika tasnifu moja huchelewa kwa kosa la upendo. Lakini kuchelewa kwake ni kosa vilevile, na msimamizi mwema humwambia hivyo mapema.

Maneno matatu yasichanganywe

Katika vikao vya kamati, maneno matatu huchanganywa, na mchanganyiko huo huwadhuru watu. Neno la kwanza ni kuahirisha masomo. Hapo saa husimamishwa kwa sababu inayojulikana, kama vile ugonjwa, uzazi, msiba mkubwa au kufungwa kwa chuo, na miezi hiyo haihesabiwi. Neno la pili ni kuongezewa muda. Hapo saa imekwisha, na mwanafunzi anaomba ipigwe tena. Neno la tatu ni kufutiwa usajili, yaani kukatwa kabisa.

Mwanafunzi ambaye angepaswa kuahirisha mapema, lakini akanyamaza kwa aibu, hufika mwisho akilazimika kuomba nyongeza. Mbele ya kamati huonekana mzembe, ilhali alikuwa mgonjwa au alikuwa ameitwa na askofu kushika ofisi. Hivyo wajibu wa kwanza wa chuo ni kumfundisha mwanafunzi, siku anapojisajili, kwamba kuahirisha si aibu.

Upo pia muda ambao hauhesabiwi upande wa pili. Sura inapokaa mezani kwa msimamizi miezi mitano, saa inayoendelea kwenda ni ya mwanafunzi. Mtahini wa nje anapochelewesha taarifa yake, ada inayodaiwa mara nyingi ni ya mwanafunzi. Wakati wa janga la korona tulipata mfano wa wazi. Vyuo vya Tanzania vilifungwa kuanzia Machi 2020 hadi vilipofunguliwa Juni 1. Huko Uingereza shirika la serikali la utafiti liliwaongezea wanafunzi waliokuwa karibu kumaliza muda wa hadi miezi 6 pamoja na posho yao. Nyongeza ya muda isiyo na mkate ni karatasi tu. Yule aliyepewa miezi 6 na posho alipewa miezi 6 kweli. Aliyepewa miezi 6 na ankara ya ada amepewa deni.

Mtini usiozaa

Je, Maandiko yana neno kwa kamati ya shahada za juu? Tunadhani lipo, katika mfano wa mtini uliomo Luka sura ya 13. Mwenye shamba amekuja kutafuta matunda miaka 3, naye hakupata. Miaka 3! Msomaji wetu atatabasamu, nasi hatujengi fundisho juu ya tarakimu. Amri inatoka kwamba ukatwe, kwa maana unaiharibu ardhi bure. Hapo mtunza shamba anaingilia kati na kuomba mwaka mmoja zaidi.

Tuchunguze ombi hilo kama vile tungekuwa kamati. Kwanza, halikanushi haki ya mwenye shamba. Ardhi ni ya thamani, na mti usiozaa unazuia nafasi ya mwingine. Nafasi za ufadhili katika dayosisi zetu ni ardhi ya namna hiyo. Pili, ombi lina kikomo: mwaka mmoja, si miaka isiyo na hesabu. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, anayeomba ndiye anayejitwika kazi. Mtunza shamba hasemi kwamba mtini utajitahidi zaidi. Anasema yeye mwenyewe atachimba kuuzunguka na kutia mbolea. Nne, anakubali hukumu mwishoni: usipozaa, na ukatwe.

Hii ndiyo tofauti iliyopo kati ya rehema na ulegevu. Ulegevu hutia sahihi fomu na kurudi kulala. Rehema hushika jembe. Msimamizi anayependekeza nyongeza bila kusema yeye atafanya nini katika miezi hiyo hajafanya kazi ya mtunza shamba. Na kamati inayokataa nyongeza bila kuuliza kama mti uliwahi kupewa mbolea imefanya kazi ya shoka peke yake.

Tunafahamu pingamizi linaloweza kutolewa hapa. Wako watakaosema kwamba Mlutheri asichanganye Sheria na Injili, na kwamba kanuni za chuo ni mambo ya utawala wa dunia, yanayohitaji utaratibu na si huruma. Tunakubali sehemu ya kwanza. Kanuni ya chuo haimwokoi mtu, wala udaktari haumhesabii haki mbele za Mungu. Mchungaji aliyefutiwa usajili hajapungukiwa kitu katika ubatizo wake, na ni wajibu wetu kumwambia hivyo waziwazi. Lakini utawala wa dunia nao uko chini ya Mungu kwa ajili ya kumtumikia jirani, na utaratibu usiotazama ukweli wa maisha ya watu si utaratibu wa haki.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia inatupa msingi wa mapendekezo machache kwa vyuo vyetu vya Kanisa na kwa dayosisi zinazotuma wanafunzi.

Kwanza, ukomo wa muda na ubaki. Pasipo ukomo, mtu aliyekusudiwa kufundisha huzeeka akiwa mwanafunzi, na anayengoja nafasi nyuma yake hukata tamaa. Pili, dayosisi isimwandike mchungaji kuwa mwanafunzi wa wakati wote bila kumwondolea usharika. Ikiwa haiwezi, imwandike kwa ukweli kuwa wa muda wa ziada, na miaka ihesabiwe hivyo. Tatu, chuo kihesabu pia siku za msimamizi. Sura ikikaa kwake kupita muda uliokubaliwa, siku zinazozidi zirudishwe kwa mwanafunzi bila ada. Nne, kila nyongeza iandikwe kama ombi la mtunza shamba: ni ya muda gani, sura zipi zitakamilika, msimamizi atafanya nini, na nani atamtunza mwanafunzi katika miezi hiyo. Tano, anayefikia mwisho bila kumaliza asiachwe mlangoni. Itafutwe njia ya kuitambua kazi aliyoifanya kwa shahada ndogo au kwa uchapishaji, na dayosisi impokee kama mtumishi wake, si kama hasara.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha nyingi kuliko zile tunazopoteza sasa kwa kutuma watu na kuwaacha njiani. Yanahitaji ukweli katika fomu na kazi katika usimamizi. Mwaka huu katika kila chuo chetu ziko barua zinazongoja jibu. Kabla ya kuzijibu, wajumbe wa kamati na waulize kwanza kama kuna aliyeshika jembe.